Uzi: Mbio za snobodi kwa waliokatwa miguu, tuache kusema ni moyo tu, tuongelee kifaa na kanuni

Mteremko wa Kibo (mleta uzi):

Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni.

Uzi ni mrefu, anayependa vifupi apite kwa amani tu. Nataka tuongelee mbio za snobodi, ule ubao mmoja wa kutelezea kwenye theluji, ila wale wanaocheza na mguu wa bandia. Mi niko Moshi huku Kiboriloni, mguu wa kushoto nimekatwa chini ya goti baada ya ajali ya boda, na huu mchezo naufuatilia kwenye simu toka kipindi kile nasubiria soketi yangu ya kwanza, kile kikombe cha mguu wa bandia kinachovaliwa kwenye kigutu, yani sehemu ya mguu iliyobaki. Sasa kila klipu yao ikisambaa kwenye magrupu watu wanaandika "Mungu mkubwa, huyu dada ana moyo wa chuma", wanaweka na vidole vya kuomba, afu imeisha hiyo. Hakuna anayeuliza ule mguu umetengenezwaje, kashindana na nani, na nani aliamua kwamba wale wawili waingie mbio moja. Mi naona humo ndimo kazi yote ilipo. Moyo hata mama anayepanda na magongo asubuhi kwenda kuuza ndizi Mbuyuni anao, tena mkubwa tu.

Kwa asiyejua, mbio ziko za aina mbili. Ya kwanza mnaachiwa kwa pamoja kwenye njia yenye kona, matuta na sehemu za kuruka, wa kwanza kufika chini ndiye kashinda. Pale kwenye Olimpiki ya walemavu ya PyeongChang, Korea Kusini, 2018 walikuwa wanashuka wawili wawili, Beijing 2022 wakawa wanne wanne. Ya pili unashuka peke yako kwenye kona zilizojengwa kuta za theluji, unapimwa muda, na muda wako bora ndio unaohesabiwa. Madaraja yako matatu: LL1 ni wenye tatizo kubwa la mguu, mfano aliyekatwa juu ya goti, LL2 ni tatizo dogo kidogo kama mimi wa chini ya goti, na UL ni wa mikono. Olimpiki ya walemavu mchezo huu uliingia Sochi kule Urusi mwaka 2014, na mwaka huo wa miguu wote waliwekwa kapu moja, mwenye goti lake na asiye nalo.

Sasa chukulia Amy Purdy, Mmarekani. Akiwa na miaka 19 aliugua homa ya uti wa mgongo ya bakteria, akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti, figo zikafa, baba yake akampa moja. Alipotaka kurudi kwenye snobodi hakukuwa na mguu wa bandia wa kazi hiyo, ilibidi aungeunge mwenyewe na mafundi, mabolti, mbao, mpira na utepe wa gundi, mpaka kikapatikana kitu kinachokunja kifundo. Sochi alipata medali ya shaba, PyeongChang ya fedha na ya shaba. Watu wanaisimulia hii kama muujiza, mi naisoma kama habari ya mtu aliyekaa karakana mpaka mguu ukakubali.

Afu yuko Bibian Mentel wa Uholanzi, huyu ndo ananitoa machozi kabisa. Alikuwa mchezaji wa snobodi mzima kabisa, anajiandaa na Olimpiki ya kawaida ya 2002, ikagundulika saratani ya mfupa mguuni, akakatwa chini ya goti. Akarudi kwenye ubao. Saratani ikarudi, akatibiwa, ikarudi tena, na tena, na katikati ya hayo yote alikuwa anapigania mchezo wao ukubaliwe kwenye Olimpiki ya walemavu. Ukakubaliwa, akachukua dhahabu Sochi. 2018 akiwa na miaka 45, miezi michache tu katoka kwenye matibabu mengine, akachukua dhahabu mbili. Alifariki Machi 2021. Yule mama kabla ya kushindana ilibidi kwanza ahakikishe mashindano yenyewe yapo.

Karibuni tujadili. Mafundi wa viungo kama mpo humu jitokezeni.


Kijana wa Pasua:

Mkuu uzi mzuri lakini ngoja nikuulize kwa heshima. Theluji sisi tunaiona kwa mbali tu pale juu ya Kibo, tena yenyewe inaisha. Huku chini mtu wa kiti cha magurudumu hata kuvuka barabara kwenda stendi ni shughuli pevu, mitaro haina mifuniko, daladala hazisimami wakikuona na magongo. Mambo ya ubao wa theluji wa Wazungu yanatuhusu nini? Si bora tuongelee mitaro?


Mteremko wa Kibo:

Kaka umeuliza vizuri na sijakasirika hata kidogo. Ya mitaro nakubaliana nawe mia kwa mia, mi mwenyewe nshatumbukia mmoja.

Ila angalia hivi. Huo mtaro na ile njia ya theluji tatizo lao ni lilelile, mtu kapewa mguu mmoja wa kutembelea sakafu laini afu anaambiwa ashukuru. Mi nilipopewa wa kwanza nikasema nafanya kazi ya kupanda ngazi, nabeba mzigo, njia yangu ni ya mteremko na udongo, nikajibiwa "utazoea". Sikuzoea, kigutu kilitoka kidonda nikarudi kwenye magongo. Hawa wa snobodi hawakukubali jibu la "utazoea". Walisema kazi yangu ni hii, nataka mguu wa kazi hii. Ndo maana yananihusu.


fundi_soketi:

Habari za usiku wadau. Mi ni fundi wa viungo bandia, nimesomea hapahapa Moshi TATCOT, kile chuo kiko hospitali ya KCMC toka 1981 na kimefundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika. Mleta uzi kagusa penyewe, ngoja niongezee upande wa ufundi, samahanini kama itakuwa ndefu.

Mguu wa kawaida tunaotengeneza umepangwa kwa ajili ya kutembea. Tunachukua kipimo kwa plasta, tunapata umbo la kigutu, tunalirekebisha mahali pa kubeba uzito na mahali pa kuachia, tunavuta karatasi ya plastiki ya moto juu yake, ndo inakuwa soketi. Chini yake bomba, afu nyayo. Nyayo nyingi za bei ya kawaida kifundo chake hakikunji, kuna mpira tu pale kisigino unabonyea. Kwa kutembea inatosha. Kwenye snobodi sasa, miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao, mtu kasimama ubavu, na kukata kona anakata kwa kuegemea ncha za vidole au kisigino. Kuegemea vidole kunataka goti liende mbele na kifundo kikunje. Kisipokunja, mwili mzima unasukumwa nyuma na ubao unakutoka.

Aliyekatwa juu ya goti ndo balaa zaidi. Goti la bandia la kutembelea limetengenezwa liwe salama likinyooka, ukisimama limenyooka umepona. Ila juu ya snobodi hakuna kusimama umenyooka, unaishi umekunja magoti toka juu mpaka chini, kila tuta linakusukuma, na zile nyama za paja zinazozuia goti lisibonyee lote huyo mtu hana mahali zinaposhikia. Goti la kawaida hapo linajikunja lote na uko chini. Kwa hiyo kusema "ana moyo" wakati goti halishiki ni kumuonea mtu.


Mteremko wa Kibo:

Fundi asante sana, hapo umenipa njia ya kumleta Mike Schultz, nilikuwa nimemuweka akiba.

Huyu jamaa Mmarekani alikuwa anashindana na zile pikipiki za theluji. Desemba 2008 alianguka kwenye mashindano, goti likasagika, wakamkata juu ya goti. Alikuwa fundi wa kuchezeachezea mashine toka zamani, anajua shokapu, kwa hiyo akaangalia goti alilopewa akaona hili halitarudi kwenye pikipiki. Akachora lake. Ndani akafunga shokapu ya hewa ya baiskeli ya milimani, ile unayoipampu, ukitaka goti gumu unaongeza upepo ukitaka laini unapunguza, na ndiyo inayofanya kazi ya zile nyama za paja fundi alizosema. Miezi saba baada ya ajali akapata fedha kwenye mbio za motokrosi za waliokatwa viungo. Baadae akahamia snobodi, 2018 akachukua dhahabu ya mbio za LL1 na fedha kwenye ile ya kupimwa muda, 2022 akachukua fedha tena.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba lile goti hakulificha. Alifungua karakana akawa anawatengenezea wengine, mpaka watu anaosimama nao mstari mmoja wa kuanzia wamevaa goti lake. Yani mtu anakutengenezea mguu afu mnashindana, na ukimpiga umempiga kwa kazi ya mikono yake. Mi kwangu huyo ni mwanamichezo.

Na wewe Kijana wa Pasua, hapo kwenu gereji za boda zimejaa, shokapu wanazifungua na kuzifunga kila siku. Sisemi fundi boda atengeneze goti la mtu, hapana, kigutu kinaweza kuoza, hiyo ni kazi ya akina fundi_soketi. Nasema hawa watu wawili wakae meza moja siku moja waone wanachofahamu.


Mgumu Mstaafu:

Nimesoma toka juu. Mi nimebeba mizigo mlimani miaka mingi, njia ya Marangu na Machame, sa hivi magoti yamegoma niko nyumbani Marangu nalima kahawa.

Vijana mnasema theluji haituhusu, mi nawaambia mlima huu umeona mengi. Mwaka 2009 alikuja Mmarekani Chris Waddell, kapooza toka kiunoni, kwao alikuwa bingwa wa kuteleza kwenye theluji akiwa amekaa. Alipanda na chombo cha magurudumu manne anakizungusha kwa mikono, wagumu, yani wabeba mizigo, wakawa wanampangia mbao chini ya matairi yapate kushika, na juu kwenye mawe makubwa kuna sehemu ilibidi abebwe. Akafika Uhuru. Mwaka 2012 akaja Spencer West, Mmarekani anayeishi Canada, hana miguu yote, alipanda kwa mikono yake sehemu kubwa ya njia.

Lakini kabla ya wote hao kuna Mganda, Tofiri Kibuuka. Haoni. Mwishoni mwa miaka ya 60 alipanda Kilimanjaro pamoja na vijana wenzake wasioona wa Kenya, Uganda na Tanzania. Baadae akaenda Norway, na 1976 ilipofanyika Olimpiki ya kwanza kabisa ya walemavu ya majira ya baridi, pale Örnsköldsvik nchini Sweden, alishindana kuteleza kwenye theluji kwa jina la Uganda. Mwafrika wa kwanza kwenye mashindano hayo. Kwa hiyo theluji ya hapa juu ilishamtoa mtu wa Afrika Mashariki kabla wengi wenu hamjazaliwa, msiseme ni ya Wazungu.


Kijana wa Pasua:

Mzee shikamoo, hiyo ya Kibuuka ndo naisikia leo. Nimeelewa sasa. Mleta uzi swali dogo, ulisema mambo ya kanuni na nani aliamua nani ashindane na nani, hukumalizia.


Mteremko wa Kibo:

Mzee wangu, shikamoo hiyo kijana kakupa ni halali yako kabisa, asante kwa kuja.

Kanuni sasa. 2018 wanawake walikuwa na madaraja mawili, LL1 na LL2. Brenna Huckaby, Mmarekani, alikatwa mguu juu ya goti akiwa na miaka 14 kwa saratani ya mfupa, yeye 2018 alichukua dhahabu zote mbili za LL1. Kuelekea Beijing 2022 daraja la LL1 la wanawake likafutwa, sababu ikatolewa kwamba wanawake wa daraja hilo ni wachache. Yani bingwa hajashindwa na mtu, hajaumia, hajastaafu, mbio yake tu haipo tena. Akasema sawa, basi niruhusuni nipande kwa LL2, nishindane na wenye tatizo dogo kuliko langu, akakataliwa. Fikiria hapo, mtu anaomba ajiumize mwenyewe na bado anaambiwa hapana.

Akaenda mahakamani Ujerumani, kwa sababu kamati ya kimataifa ya walemavu makao yake ni Bonn. Akashinda. Mfaransa Cécile Hernandez naye, ana ule ugonjwa wa neva unaokula nguvu za miguu, naye wa LL1, akapita njia hiyohiyo ya mahakama na akapata nafasi kwa kuchelewa mno. Unajua kilichotokea Beijing? Mbio za pamoja za wanawake LL2 dhahabu kachukua Hernandez, Huckaby shaba. Kupimwa muda, dhahabu Huckaby. Wale wawili waliofungiwa mlango ndo wakaondoka na dhahabu zote za wanawake.

Hiyo ndo pigo ninaloliona kubwa kuliko kuanguka. Ukianguka kwenye theluji unainuka unajipangusa, kocha anakuonyesha ulipokosea. Ukifutwa kwenye ratiba unaenda kujipangusa wapi? Na sababu ya "mko wachache" ndo hiyohiyo tunaambiwa huku kila tukiomba tuwekewe mbio yetu, wachache, wachache, na mtatoka wapi wengi kama hakuna mbio ya kuwatoa ndani.


Mama wa Sakina:

Hamjambo wanangu. Niko Arusha, huwa nasoma tu siandiki, leo imebidi. Mwanangu wa kiume yuko darasa la tano, kazaliwa mkono wa kulia unaishia chini kidogo ya kiwiko. Nilimuonyesha video baada ya kusoma uzi huu kakaa nazo mpaka saa nne usiku. Anauliza wa mikono wanapewa nafuu gani wakati miguu wanayo yote? Nami sikuwa na jibu. Halafu ana shida na baiskeli, anaipenda sana ila kaanguka kwenye mteremko wa Sakina kwa sababu breki ya mbele iko upande asio na kiganja, baba yake kasema asipande tena.


Mteremko wa Kibo:

Mama shikamoo. Mwambie ameuliza swali la mtu mzima. Pale juu wanapoanzia kuna geti lenye vishikio viwili, mchezaji anajivuta kwa mikono yote ili atoke na kasi. Mwenye mkono mmoja anavuta kwa upande mmoja, anatoka polepole na anatoka amepinda. Halafu mikono ndiyo inayoweka mizani hewani akiruka, na akianguka ndiyo inayomkinga. Ndo maana wana daraja lao, UL. Kwa bahati mbaya kwa wanawake UL haipo kwenye Olimpiki, wanaume tu. Hata ratiba ya Cortina, Italia, 2026 ilipangwa vilevile, wanawake wakabaki na LL2 peke yake, kwa hiyo aliyekatwa juu ya goti akawekwa tena na mwenye goti lake.

Kuhusu baiskeli sitamsemea mzee, ila binafsi naumia akikatazwa. Fundi njoo huku tafadhali.


fundi_soketi:

Mama shikamoo, baba naye msalimie. Msimkataze, tumtengenezee. Vitu viwili.

Cha kwanza breki. Kuna mkono wa breki unaovuta waya mbili kwa mpigo, zinatumika sana kwenye baiskeli za magurudumu matatu, unafungwa upande wa kushoto kwenye kiganja chake, breki zote mbili zinakamata kwa kidole kilekile. Ila fundi wa baiskeli ahakikishe ya nyuma inaanza kukamata kidogo kabla ya mbele, ikitangulia ya mbele atarushwa juu ya usukani. Na waya zikaguliwe mara kwa mara maana ukikatika huo mkono mmoja wa breki hana breki yoyote.

Cha pili ni kufika kwenye usukani upande wa kulia. Akiendesha mkono mmoja anaelemea upande, mgongo unapinda, ndo maana kwenye mteremko anayumba. Tunaweza kumtengenezea soketi fupi ya kiwiko yenye kikombe mwishoni, kikombe kinakaa juu ya kirungu kilichofungwa kwenye usukani. Kisifungwe kwa mkanda. Akianguka mkono lazima utoke wenyewe, ukibaki umenasa utavunjika. Haitafanana na mkono, mama, na asitegemee vidole, ni kifaa cha baiskeli tu, akishuka anakivua anakiweka kwenye begi.


Mama wa Sakina:

Marahaba baba. Kwa hiyo si ule mkono wa plastiki wenye rangi ya ngozi? Huo alipewa akiwa mdogo hakuuvaa hata wiki ikaisha, ukawa wa kuvaa siku za picha.


fundi_soketi:

Hapana, ule ni wa sura. Huu ni wa kazi. Watoto wengi wanaukataa ule kwa sababu unawazuia kuliko unavyowasaidia, wala hakuwa mkaidi.


Mgumu Mstaafu:

Mama, mpe pole na hongera huyo kijana. Akishapata hicho kifaa aanzie sehemu tambarare, mteremko aushuke kwa miguu akisukuma baiskeli mpaka mkono uzoee breki mpya. Huku mlimani wanaoumia wengi wanaumia wakati wa kushuka.


Mama wa Sakina:

Nimeongea na baba yake sasa hivi, kasema kama kuna fundi anayeeleweka yeye mwenyewe atampeleka. Aje na nini?


fundi_soketi:

Aje na mtoto na baiskeli yake, zote mbili, nisipomuona amekaa juu ya kiti siwezi kujua kirungu kikae urefu gani. Avae shati la mikono mifupi. Nimekutumia namba inboksi, tukubaliane siku, plasta yenyewe haichukui hata nusu saa ila soketi ya mtoto itabidi ibadilishwe kila akikua, hilo mlijue toka mwanzo mpange bajeti.